PhD ya dawa iko majuu, wagonjwa wako Nairobi: anza makaratasi mapema

Wadau mlio majuu, hasa nyinyi wafamasia mliosomea Nairobi mkaondoka, hii inawahusu. Kila mwaka naona mtu anaingia mtego uleule nilioingia mimi, na si wajinga, ni vile tunadhani kwa sababu Nairobi ni nyumbani basi mambo yatajipa.

Kwanza PharmD (shahada ya kufanya kazi ya ufamasia) na PhD (ya utafiti) si ndugu. PharmD ya Marekani kwa kawaida ni miaka 4 ya kusomea kazi yenyewe ya ufamasia, na wengi hukopa ndio walipe. PhD ya famasia ya kliniki mara nyingi chuo ndicho kinakulipia ada na kukupa posho ya kuishi, wewe unatoa jasho kwa maabara ya supavaiza. Ukiwa na BPharm yako, digrii ya kwanza ya ufamasia ya miaka 5, huhitaji kurudia PharmD ndio ukubaliwe PhD, na leseni pia huhitaji maana leseni ni ya kuhudumia wagonjwa. Ukiitaka Marekani kuna FPGEE (mtihani wa wafamasia waliosomea nje), TOEFL ya Kiingereza, masaa ya mafunzo na NAPLEX (mtihani wa leseni), Uingereza kuna OSPAP (kozi ya wafamasia waliosomea nje) halafu mwaka wa mazoezi na mtihani wa GPhC, baraza la wafamasia la huko, hiyo ni safari nyingine kabisa. Na kama unachotaka ni wodi, si maabara, Chuo Kikuu cha Nairobi kina MPharm (uzamili) ya famasia ya kliniki na utazungukia wodi za Hospitali ya Kenyatta mpaka viatu viishe.

Sasa huu utafiti wenyewe wanauita wa transilesheno, yaani kuvusha kitu kutoka maabara mpaka kitandani kwa mgonjwa, halafu kurudisha maswali ya mgonjwa maabara. Mfano wangu mimi ni efavirenz, ile dawa ya ARV iliyotumika sana kabla dawa mpya ya dolutegravir haijachukua nafasi yake. Kuna jeni inaitwa CYP2B6, na Waafrika wengi tuna aina yake inayovunja efavirenz polepole, dawa inajaa kwa damu, mtu analala na kuota mauzauza, anaamka na kizunguzungu. Huwezi kuijua vizuri hiyo habari kwa kupima wazungu tu. Ndio maana supavaiza akisikia unatoka Nairobi macho yanamwaka. Mwache ang'ae, lakini muulize mapema pesa ya kwenda kuchukua sampuli inatoka wapi.

Mtego ni huu. Nilipata kibali cha maadili cha chuo changu huku, nikapanda ndege, nikatua JKIA na barua yangu imekunjwa vizuri kwa begi. Hospitali ya kwanza waliisoma wakanirudishia, kwa adabu kabisa. Kibali cha huko ni cha huko! Kenya unahitaji kamati ya maadili ya hapa, kwa mfano ile ya pamoja ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, ukishapata barua yao ndio unaingia mtandaoni kuomba leseni ya utafiti NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, halafu ndio hospitali yenyewe, na kama ni kituo cha kaunti basi na kaunti. Mlango mmoja unangoja mwingine. Kama unajaribu dawa kwa watu, si kupima tu damu, Bodi ya Famasia na Sumu nayo lazima iidhinishe. Mimi nilipoteza miezi minne, stipendi inaliwa na kodi ya nyumba niliyoiacha tupu. Anza mwaka mmoja kabla ya tiketi, na tafuta mtafiti mwenyeji awe mshirika wa kweli, jina lake kwa propozali tangu mwanzo, si mtu wa kutumwa kupeleka bahasha.

Kama ulichukua uraia wa huko kabla ya Katiba ya 2010 na hujaomba kurudishiwa wa Kenya, jua utahesabiwa mgeni, fomu zinabadilika na ada pia.

Kupeleka sampuli za damu nje ya nchi ni kesi yake. Utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili na kibali cha kuzisafirisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hivyo majina yabaki Nairobi, kinachosafiri ni namba tu. Usitume Ijumaa, maana boksi likikwama forodhani wikendi barafu kavu inaisha na Jumatatu unafungua supu. Gawa kila sampuli mara mbili, nusu ibaki. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri uulizie jenereta yake kabla ya kuuliza bei, si unajua stima zetu. Na lebo uzijaribu kwanza, kalamu ya kawaida ikiguswa na spiriti inafutika, nilibaki na tyubu sita hazina mwenyewe.

Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili cha watu, halafu mpe mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza uone kama maana imebaki. Efavirenz inamezwa usiku, kwa hivyo asubuhi lazima ujue saa kamili mgonjwa alipomeza. Mama mmoja alinijibu, "Baada ya taarifa ya saa moja." Nikauliza baada ya taarifa kwisha ama baada ya kuanza, akacheka, "Daktari, wewe hukai na watu? Nilimeza wakati wa matangazo." Hiyo nikaandika saa moja na nusu, na nikaongeza kwa fomu swali la ulikuwa ukifanya nini ulipomeza. Lilinipa masaa mazuri kuliko lile la kwanza.

Halafu akaniuliza damu yake ikienda Marekani itauzwa? Nikamwonyesha kwa fomu pale panaposema haiuzwi, nikamwambia nusu inabaki hapa. Akasoma mwenyewe, taratibu, kidole kwa kila mstari, ndio akanyoosha mkono.