Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga kipande cha pili kwenye jiliwa la mashine ya milingi

Kwenye mashine ya milingi, inayokata kwa kikatio kinachozunguka, kipande cha kwanza kinachobanwa kwenye jiliwa (kibano cha taya mbili) karibu kila mara hutoka vizuri. Umekipima, umekichukulia sifuri (nukta ambayo mashine inaanzia kuhesabu vipimo), umekikata. Hakina namna ya kukosana na sifuri yake chenyewe. Mtihani huanza na kipande cha pili, pale unapofungua, unatoa, unaingiza kingine na kutegemea kitakaa palepale bila kupimwa upya. Haya yafanye mapema, kabla ndoo ya vipande vibovu haijajaa.

Safisha. Brashi kwanza, kitambaa kifuate, mwisho kidole kitupu kipite polepole juu ya taya na sakafu ya jiliwa, spindo (mhimili unaozungusha kikatio) ikiwa imesimama kabisa. Kidole hugundua punje ambayo jicho limeikosa. Upepo wa kompresa usiutegemee, kwani huzisukuma chembe kwenye nyufa na nyuma ya taya, halafu zinatoka wakati wa kufunga. Punje ya unene wa 0.1 mm upande mmoja wa kipande chenye upana wa 50 mm inakiinamisha kiasi cha 0.2 mm kwa kila 100 mm. Hiyo tayari ni kazi ya kutupwa.

Jiliwa lenyewe liwekwe sawa. Kama lina kitako cha kuzungushia na kazi yako haina pembe, kitoe; kinaongeza kimo, kinapunguza ugumu, na kinaongeza kitu kimoja zaidi kinachoweza kuteleza. Futa chini yake na juu ya meza. Kaza nati ya upande mmoja wastani, ya pili iguse tu, kisha shika geji ya saa (kipimo chenye mshale na ncha ya kugusa) kwenye spindo na utembeze meza ili ncha yake ipite juu ya taya tuli, lile lisilosogea, mwanzo hadi mwisho. Gonga taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka tofauti isizidi 0.01 mm kwa taya la 150 mm. Kaza nati zote, halafu pima tena, maana kukaza hulisogeza. Usipime kwenye taya tembezi. Lina mchezo, litakudanganya.

Kipande kilicho huru kina njia 6 za kusogea: tatu za kwenda moja kwa moja na tatu za kuzunguka. Sakafu, au parareli (zile bapa mbili za chuma kigumu zilizosagwa kwa kimo kimoja), huziba 3. Taya tuli huziba 2. Kizuio cha pembeni huziba 1. Hesabu imekamilika, na taya tembezi halimo: kazi yake ni kusukuma basi. Ukiliachia nalo lielekeze kipande, linagombana na taya tuli, na mshindi atabadilika kila unapofunga. Ndiyo maana kipande chenye uso mbovu upande wa mbele hufungwa kwa kuweka fimbo ya duara ya alumini au shaba kati yake na taya tembezi, karibu na nusu ya kimo kilichoshikwa. Fimbo inagusa mstari mmoja tu, kwa hiyo uso wa nyuma unalala wote juu ya taya tuli.

Mpangilio wa kufunga usibadilike hata mara moja. Bonyeza chini, sukuma nyuma, telezesha hadi kizuio, kaza nusu, gonga kwa nyundo laini, maliza kukaza. Halafu jaribu kuvuta parareli kwa kidole. Ikitembea, kipande kimeinuka. Majiliwa mengi ya kawaida yana tabia hiyo: taya tembezi likibanwa huinama kidogo na kupanda, na kipande hupanda nalo. Majiliwa yanayovuta taya chini wakati wa kubana hupunguza shida hii, hayaiondoi. Nyundo nayo isitumiwe kwa hasira. Pigo kubwa hukirusha kipande juu badala ya kukikalisha.

Nguvu ya kukaza iwe ileile. Taya tuli nalo hurudi nyuma kidogo likibanwa, na kipande chembamba hupinda kisha hunyooka ukifungua, kikiwa kimeshakatwa. Tumia toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kama ipo. Kama haipo, weka alama ya rangi kwenye skrubu ya jiliwa uone mpini unaishia wapi.

Sasa kizuio. Kifungwe kwenye taya tuli au kwenye mwili wa jiliwa, kamwe kisifungwe kwenye taya tembezi. Ncha yake iwe ya duara ili iguse nukta moja, chini kidogo ya katikati ya kimo cha kipande, mbali na ukingo wenye vinyoya (mabaki makali ya chuma) vya msumeno. Mkono wake uwe mfupi na mnene, maana mkono mrefu hupinda ukiusukuma, na kila mtu anausukuma kwa nguvu zake. Hapa kuna mtego kwa vipande vifupi: kizuio kikiwa kwenye mwisho wa taya, kipande nacho kinabanwa pale mwishoni, taya tembezi linakaa mshazari, na kipande kinajizungusha na kukiacha kizuio wakati wa kukaza. Weka kipande kingine cha unene uleule mwisho wa pili wa taya, au leta ncha ya kizuio katikati.

Lakini kinachoharibu kazi nyingi kuliko yote hayo ni kugeuza kipande kwa upande wa pili. Chukua vipande 40 vya alumini vilivyokatwa kwa msumeno kwa urefu unaoitwa 80 mm, ambavyo kwa kweli ni kati ya 79.6 na 80.5. Upande wa kwanza unachimbwa shimo pana, ncha ya kushoto ikigusa kizuio. Vyote 40 vinatoka safi. Kwa upande wa pili vinatakiwa vitoboliwe matundu yanayoangukia katikati ya shimo lile. Fundi anakipindua kipande kichwa kwa mkia, anakisukuma kwenye kizuio kilekile cha kushoto, anachukua sifuri, anatoboa. Safi. Cha pili kimekosea 0.3. Anahisi mashine ina mchezo, anasogeza sifuri. Cha tatu kinakosea 0.5 kuelekea upande mwingine. Anasogeza tena. Kuanzia hapo anakimbizana na sifuri, na kila anaposahihisha anaongeza kosa la kipande kilichopita juu ya kosa la kinachofuata.

Mashine haina tatizo. Alipokipindua kichwa kwa mkia, ncha iliyogusa kizuio mwanzo ilihamia kulia, na ncha isiyowahi kupimwa ikaja kushoto. Tofauti yote ya urefu imeingia kwenye matundu. Angekibingirisha kama gogo, ncha ya kushoto ingebaki kushoto, lakini uso uliokuwa kwenye taya tuli ungekuja mbele kwenye taya tembezi, na tofauti ya upana ingeingia upande wa Y (mbele na nyuma). Ukigeuza juu kuwa chini huwezi kubaki na vyote viwili mahali pake. Lazima kimoja kihame. Kwa hiyo amua mapema. Ama chonga ncha au upana hadi kipimo kamili katika hatua ya kwanza, ama pindua kichwa kwa mkia na uhamishie kizuio upande wa kulia, sifuri ya X (kushoto na kulia) ichukuliwe hapo. Uso wa taya tuli utabaki uleule, ncha nayo ileile. Kabla ya yote, piga alama ya kalamu kwenye ncha na uso wa rejea wa kila kipande, vyote 40, kabla ya kukata cha kwanza.

Ukitaka kuthibitisha kama ugonjwa ni huu, pima urefu wa vipande vitano kwa kalipa na ulinganishe na kosa la matundu yake. Kosa likifuata urefu, acha kusogeza sifuri.

Taya laini za alumini, zile zinazochongwa kufuata umbo la kipande, zichongwe zikiwa zimebana kitu, kwa nguvu ileile utakayotumia kazini, na kona ya ndani ya ngazi ambayo kipande hukalia itobolewe ili vinyoya vya kipande vipate pa kukaa. Ukizitoa na kuzirudisha, zipitishie kikatio tena kidogo. Kipande kikitoka moto, kiache kipoe: alumini ya 100 mm ikipanda nyuzi 20 za selsiasi hurefuka karibu 0.046 mm. Usibane vipande viwili pamoja kwenye taya moja gumu; chembamba kitakuwa huru.

Kisha fanya jaribio. Kipande kimoja, ingiza na utoe mara tano kwa mpangilio ule ule, kila mara geji isome juu, ncha, na uso. Masomo yakitawanyika zaidi ya 0.02 mm, tafuta sababu kabla ya kuwasha spindo. Rudia kwa vipande vitano tofauti.

Na kabla ya kuwasha, hakikisha parareli haziko chini ya tundu linalopita, kwamba nyembamba zimeshikwa na springi au sponji zisiangukie kikatio, kwamba kishikio cha kikatio hakitapiga mkono wa kizuio, kwamba glavu umevua, na mpini wa jiliwa umeutoa.