Ninavyofundisha Usalama wa Taifa kwa karatasi na bei ya sukari

"Mwalimu, tukiongea haya hatutakamatwa?"

Aliniuliza binti wa kidato cha pili, hapa Moshi, siku ya kwanza nilipoandika "Idara ya Usalama wa Taifa" ubaoni. Darasa zima lilinyamaza likinitazama. Nikamjibu kwamba idara hiyo, ambayo ni ya ujasusi ya Tanzania, imeundwa kwa sheria ya Bunge, na sheria imewekwa isomwe. Lakini nilitoka pale nikijua nimejibu nusu. Baada ya hapo nililipanga somo upya, na mwalimu mwenzangu unayetaka kulifundisha, mimi nafanya hivi.

Historia iache kwanza. Anza na kazi yenyewe ya ujasusi: kukusanya habari na kuzipima. Ijumaa nawapa swali moja: je, sukari itaadimika Moshi wiki ijayo? Kila mwanafunzi anapata vipande vitatu vya karatasi. Jumamosi anakwenda kulekule anakotumwa na mama yake siku zote: Mbuyuni, Kiboriloni, maduka ya Pasua. Kwenye kila kipande anaandika ameona au ameambiwa nini, na mtu wa aina gani (jina hapana), saa ngapi, na huyo mtu alijuaje. Hilo la mwisho usikubali liachwe wazi. Ndilo linalobeba somo zima.

Jumatatu tunaunganisha meza mbili na kutandaza karatasi zote. Kila moja inapewa herufi na namba. Herufi inampima msemaji: A ni wa kuaminika, F hatumjui kiasi cha kumpima. Namba inapima habari yenyewe: 1 imethibitishwa na wengine, 6 haipimiki. Vyombo vingi vya ujasusi duniani vinatumia kipimo cha namna hii. Nakipenda kwa sababu kinamtenga mtu na maneno yake. Mkweli anaweza kuwa kadanganywa, na mwongo naye kuna siku anasema kweli.

Mwaka jana tulipata karatasi nne zinazosema sukari imekwisha ghalani. Watoto wakapiga makofi: nne! Nikawaambia warudi kwenye mstari wa "alijuaje". Mama wa genge kaambiwa na mteja. Mteja kaambiwa na mwenye duka. Mwenye duka kamsikia dereva wa bodaboda. Karatasi ya nne ilikuwa ya dereva yuleyule, na alichokiona kwa macho yake ni lori moja lililoshusha mzigo nusu. Kijana mmoja, bila kuambiwa, alizikusanya zote nne, akazifunga kwa rababendi na kuandika juu yake: "mtu 1". Sikuongeza neno.

Kisha kila kundi linaandika ripoti ya nusu ukurasa: tulichokiona, tunachokadiria, na uhakika wetu ni wa juu, wa kati au wa chini. Wengi watataka kumalizia na "wenye maduka wakamatwe". Likate kwa kalamu nyekundu, kwa maana hapo ndipo unapoanzia kufundisha sheria.

Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ni ya mwaka 1996. Natoa nakala ya kifungu cha 5 na kuwaeleza kwa Kiswahili: idara inakusanya taarifa za usalama wa nchi, inazichambua na kuishauri Serikali. Ilivyotungwa mwaka huo, kifungu hichohicho kinasema si kazi yake kutekeleza hatua za usalama, wala kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au ana maoni tofauti na Serikali. Maneno hayo nayasoma mara mbili, polepole, na humtazama yule anayeonekana kuogopa kuliko wenzake. Ila usiishie hapo. Bunge liliirekebisha sheria hii mwaka 2023. Weka matoleo yote mawili mezani, wanafunzi waweke kidole mstari kwa mstari: kipi kimeongezwa, kipi kimeondolewa, mamlaka ya nani yamekua. Ukibeba la zamani peke yake utawafundisha sheria ya jana.

Historia sasa, dakika ishirini zinatosha. Wakoloni walikuwa na tawi maalumu ndani ya polisi, na watu wa TANU, chama kilichodai uhuru, walikuwa miongoni mwa waliofuatiliwa. Waulize: "hatari" aliyeandikwa kwenye faili za miaka ya 1950 alikuwa nani ilipofika Desemba 1961? Halafu waulize kuhusu tarehe 20 Januari 1964, askari walipoasi kambi ya Colito, Dar es Salaam: nani alipaswa kujua mapema? Wakenya nao walianza na tawi la polisi. Wakapata sheria mwaka 1998, na Katiba yao ya 2010 ikaitaja idara hiyo kwa jina katika ibara ya 242. Uingereza ilianza mwaka 1909, lakini idara yake ya ndani haikuwa na sheria yake hadi 1989. Mwanafunzi akitoa hesabu ya miaka hiyo mwenyewe, miaka 80, hatasahau.

Na usiikose Moshi yenyewe. Machi 1979, vita vya Kagera vikiendelea, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa mjini na kuunda umoja wao wa kumwondoa Idi Amin. Watoto wanapita barabara hizo kila siku na wengi hawajaambiwa.

Jambo moja nakataza kabisa: kumtaja mtu wa mtaani kwamba ni "mtu wa kitengo", yaani wa Usalama. Baba yangu mdogo alikuwa fundi redio Majengo. Mtu mmoja alianza kunong'ona kwamba yule ni shushushu, mbona anakaa kimya, mbona redio zinalala kwake. Wateja wakaanza kuja usiku, kisha hawakuja. Kibanda alikifunga kabla sijamaliza shule. Kwa kipimo chetu cha mezani, habari ile ingepata F6, na mstari wa "alijuaje" ungekuwa mtupu.