Umeitwa usaili wa Utumishi? Jiandae hivi, hatua kwa hatua (mfano: Afisa Ugavi II)

Wadogo zangu mnaosubiri kuitwa na Sekretarieti ya Ajira (ile ya Utumishi wa Umma hapa Tanzania), kila wakitoa majina napata meseji zilezile, "kaka nisome nini", "kaka una past paper". Mimi ni mtu wa ugavi, niko stoo na manunuzi kila siku, kwahiyo nitatumia kada yangu kama mfano ila njia ni hiyohiyo hata kama wewe ni mhasibu au afisa kilimo.

Hatua ya 1: vyeti kwanza, kabla hujafungua daftari

Siku unapoona jina lako ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal unakili namba ya usaili, af shusha lile tangazo la kuitwa usome mpaka mwisho, sio jina lako tu na kufunga. Wanataka vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, stashahada au digrii. Result slip, testimonial na provisional hazipokelewi, imeandikwa kabisa pale na bado kila msimu kuna watu wanarudishwa mlangoni wamesafiri usiku kucha, inauma sana. Kama umesoma nje hakikisha vyeti vimetambuliwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (sekondari). Majina yanatofautiana, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi cha form four vile? Shughulikia deed poll (hati ya kisheria ya kubadili jina) mapema, usisubiri wiki ya usaili. Kitambulisho nacho, cha NIDA, cha mpiga kura, leseni au pasipoti, na kama kada yako ina bodi beba cheti cha usajili.

Hatua ya 2: rudi kwenye tangazo la kazi, sehemu ya majukumu

Hapa ndo penyewe na ndo watu wengi wanaparuka. Wanakimbilia magrupu ya WhatsApp kutafuta maswali ya zamani wakati maswali yapo kwenye tangazo waliloombea kazi. Chukua daftari, andika kila jukumu juu ya ukurasa wake, halafu ligeuze kuwa swali. Kwenye Afisa Ugavi utakuta "kuandaa hati za kupokelea vifaa", hilo usilikariri kama sentensi, jiulize mzigo ukifika getini nafanya nini mwanzo mpaka mwisho.

Mfano, oda ni rimu 100 za karatasi, mzabuni kaleta 80 na dereva ana haraka anataka usaini aondoke. Unafanyaje? Unachukua LPO (hati ya oda tuliyompa mzabuni) unailinganisha na delivari noti (karatasi anayokuja nayo na mzigo), mnahesabu mzigo dereva akiwepo na kamati ya ukaguzi na mapokezi ikiwepo, mnaangalia na ubora sio idadi peke yake, upungufu wa 20 unauandika kwenye delivari noti na yeye anasaini. GRN (ile hati ya kupokelea vifaa) unaandika 80, sio 100 kwa ahadi kwamba zingine zinakuja kesho. Unaingiza 80 kwenye leja, unatoa taarifa kwa mkuu wa kitengo cha manunuzi, na malipo yanafuata kilichopokelewa. Ukiweza kueleza hivyo bila kuangalia daftari umeshajibu mchujo (mtihani wa kwanza wa kupunguza watu) na umeshajibu mahojiano, kwasababu hapo umegusa nyaraka, kamati, ubora na uadilifu kwa pamoja. Fanya hivyo kwa kila jukumu, itachukua muda lakini hamna njia nyingine naiamini kama hii.

Hatua ya 3: sheria, na iwe ya sasa hivi

Zile pdf zinazozunguka nyingi bado zinafundisha Sheria ya Ununuzi ya 2011. Sasa hivi tunatumia ya 2023 na kanuni zake za 2024, na manunuzi yanapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Jua PPRA (mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma) wanasimamia nini, PPAA (mamlaka ya rufaa za zabuni) unaenda lini. Kwa kada zote soma Sheria ya Utumishi wa Umma na maadili ya mtumishi.

Hatua ya 4: mchujo

Fanya mazoezi kwa saa, weka simu mbali, jibu maswali kwa muda. Kuna mchujo wa karatasi na siku hizi kuna wa kwenye kompyuta, kama hujazoea mausi na kibodi nenda hata stesheneri ya mtaani uzoee. Basi.

Hatua ya 5: mahojiano

Unaingia, unasalimia, unasubiri kukaribishwa kiti. Swali la kwanza karibu kila mara ni ujielezee. Tafadhali usiseme "mimi ni mchapakazi ninayejituma", kila mtu anasema hivyo na hawana cha kuandika. Sema jina, ulichosoma, kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako (hata field inatosha, "nilihesabu stoo ya dawa mwisho wa mwaka nikalinganisha na bin card", yaani kadi ya idadi ya kila kitu stoo), kisha kwanini nafasi hii. Dakika mbili. Jiandae kwa Kiingereza na Kiswahili, jirekodi kwenye simu ujisikilize. Swali usilolijua sema hulijui kwa adabu msonge mbele, maana ukianza kubuni watakuchimba hapohapo.

Hatua ya 6: safari na pesa

Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kama ni Dodoma fika jana yake ulale, usishuke kwenye basi ukaingia chumba cha usaili.

Na mtu akikupigia eti ana mjomba Utumishi umtumie laki tatu akupitishe, kata simu na umripoti TAKUKURU kwa 113. Hiyo hela nunulia suruali nzuri na tiketi.

Baada ya hapo endelea kuchungulia akaunti yako. Ukifaulu nafasi zikiwa zimejaa wanakuweka kanzidata na unaweza kupangiwa kazi baadaye, kwahiyo laini ile uliyojaza kwenye portal usiiache ikafungiwa.