Kupanda farasi mara ya kwanza, fanya hivi

Kama hujawahi kupanda farasi, usianze na kupanda, anza na kumsogelea, tena usimtokee kwa nyuma. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na pale mbele ya pua, na huyu ni mnyama aliyepona kwa kukimbia wanaomla, akishtuka anapiga teke kwanza alafu ndo anaangalia ni nani. Njoo usawa wa bega huku unaongea nae.

Kaza mkanda wa tandiko unaopita tumboni mwa farasi, zungusha farasi hatua chache, kaza tena. Wengine wanatutumua tumbo wakifungwa, we unapanda tandiko linageuka, uko chini.

Unapandia kushoto. Inasemekana ni mambo ya askari, upanga ulining'inia kiunoni kushoto, ukipandia kulia unakukwaza. Leo hatuna panga ila farasi wengi bado wamezoeshwa hivyo. Mkono wa kushoto ushike hatamu (zile kamba za kumwongozea) pamoja na manyoya ya shingo, mguu wa kushoto kwenye kikuku, yaani kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, jinyanyue, ukae taratibu, sio kujitupa kama gunia.

Kikuku ingiza nusu ya mbele ya wayo tu, kisigino kishuke chini, maana mguu ukizama wote na ukaanguka utaburutwa. Na usikitegemee kwa kila kitu jamani, Alexander Mkuu, yule mfalme wa kale, alitoka Ugiriki akafika hadi mto Indus bila vikuku, vikuku viwili viwili vinaonekana China karne ya 4 baada ya Kristo, muda wote ule watu walikuwa wanapanda tu. Balansi iko kwenye makalio na mapaja, ndo maana walimu wengi wanakutoa vikuku kabisa ufanye mazoezi.

Hatamu sasa, hapa wengi wanakosea. Hatamu zimefungwa kwenye lijamu, ile chuma ya mdomoni, nayo inakaa kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego, yaani juu ya fizi na ulimi, ukivuta kwa nguvu unamuumiza. Kusimama: kaa wima, vuta kidogo, akitii achia hapohapo. Asipotii usipandishe hasira, Xenophon yule Mgiriki aliliandika hilo miaka kama 2,400 iliyopita na bado watu wanagombana na farasi.

Kuondoka, bana mbavu kidogo kwa miguu.

Kushuka, toa miguu YOTE miwili kwenye vikuku kwanza, alafu ndo uteleze chini upande wa kushoto, hatamu usiachie.