Mvua ya Vuli Ikute Miche Imeshashika

Majakaranda yakianza kutoa maua ya zambarau kando ya barabara za Arusha, mwezi wa kumi hivi, ndipo majirani zangu wengi hapa Moshono wanapokumbuka kwamba wana bustani. Wanakimbilia duka la pembejeo, wananunua mbegu, wanasubiri wingu la kwanza, wanamwaga. Mimi nawaambia wameshachelewa. Kazi kubwa ya bustani ya uani ni ya zile wiki kavu baada ya baridi ya Julai na Agosti kuachia, ili vuli ikishuka ikute miche imeshashika. Mche uliokomaa unaifurahia mvua. Mbegu iliyomwagwa juujuu inasombwa mpaka mtaroni.

Mwanzoni mwa Septemba shughulika na udongo. Udongo wetu huu wa majivu ya Mlima Meru una rutuba yake, ila ukikauka sana unakuwa vumbi, maji yanatiririka juu bila kuzama. Kwa hiyo lowesha jioni, lima asubuhi yake. Changanya samadi iliyooza, kama debe moja kwa kila mita ya mraba; ya kuku iwe nusu ya hapo maana ni kali. Ukiingiza mkono katikati ya lundo ukasikia joto, au bado inanuka mkojo, iache iendelee kuiva. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuletea wadudu.

Kitalu hakihitaji eneo. Changu kiko kwenye beseni kuukuu lililotobolewa chini, pembeni ya simtanki. Chora vifereji vyenye kina cha sentimita moja, weka nyanya, sukuma wiki, chainizi, hoho, kila aina mstari wake. Mnafu una mbegu ndogo mno, uchanganye na mchanga mkavu kwanza, la sivyo utaota kichaka mahali pamoja. Funika kwa nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Miche ikichomoza tu, ondoa nyasi siku hiyohiyo, usingoje kesho, kwa sababu ikikaa gizani inarefuka kutafuta mwanga na kulala. Karoti na giligilani visipite kitaluni kabisa, vipandwe moja kwa moja shambani. Mbegu ya giligilani isage taratibu chini ya chupa igawanyike mara mbili, kila kipande ni mbegu kamili.

Kwa nyanya, mimi napenda Tengeru 97 na Tanya. Si chotara, kwa hiyo unaweza kuweka mbegu zako mwenyewe kutoka kwenye tunda zuri. Hamisha miche ikifikisha wiki nne hivi, ina majani manne au matano ya kweli. Wiki ya mwisho punguza maji ili ikomae. Hamisha jioni, kamwe si saa sita mchana. Nyanya ipe sentimita 60 kwa 50, sukuma wiki 45 hadi 60, chainizi 30 inatosha. Shina la nyanya lizamishe hadi karibu na majani ya chini, nalo litatoa mizizi ya ziada.

Sasa sota. Unaamka asubuhi unakuta mche umelala, umekatwa usawa wa udongo, safi kabisa. Watu wanalaumu kuku wa jirani. Chimbua kwa kidole pembeni mwa shina hilo, sentimita mbili tatu tu, utamkuta mwenyewe: kiwavi mnene wa kijivu, amejikunja mviringo, ameshiba. Anakula usiku, mchana anajificha hapohapo. Mtoe, kisha kila mche uvishe kola. Mimi nachuna ganda la shina la mgomba, nakata vipande vya upana wa vidole vinne, nazungushia mche, nusu ndani ya udongo nusu juu. Ganda likija kuoza, shina limeshakuwa gumu na sota haliwezi.

Kantangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya majani ya nyanya, ni habari nyingine. Tangu aingie nchini mwaka 2014 nyanya imekuwa kazi ya kukagua. Tazama jani dhidi ya jua: ukiona mabaka meupe kama lengelenge na vichembe vyeusi ndani, lichume, lifunge kwenye mfuko wa plastiki na uuanike juani. Usilitupe kwenye shimo la mboji, unawafuga. Huyu anapenda joto na ukavu. Mvua ikichanganya na baridi zamu inakuwa ya ugonjwa wa bakajani chelewa, kwa hiyo mwagilia shinani bila kulowesha majani, weka mapema vijiti vya kuegemeza mche na punguza majani ya chini yanayogusa udongo.

Maua. Wapo wanaosema merigoldi chache pembezoni zinatibu shamba. Hapana, chache ni urembo. Ukitaka zipunguze minyoo fundo, wale wa udongoni wanaovimbisha mizizi, jaza tuta zima kwa msimu mzima, kisha msimu unaofuata panda nyanya hapo. Mawaridi yapogoe baridi ikiisha: kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pabaki na hewa. Dalia chimbua viazi vyake, vigawe, ila kila kipande kibaki na jicho kwenye shingo ya shina. Kiazi kinono kisicho na jicho ni cha kutupa. Gerenia ni rahisi kuliko yote, chomeka tu.

Kuna jambo la Arusha hasa. Kama masale yako ya kwenye makopo yanakauka ncha za majani, yanageuka kahawia na wewe unazidi kumwagilia, huenda tatizo ni hayo maji. Maji ya visima vingi upande huu yana floraidi nyingi, ile ile inayotia meno yetu rangi, na jamii ya masale haiipendi. Vuli ikianza, tega ndoo chini ya bati na hayo ndiyo uwape. Mboga hazina neno.

Mvua ikishakaa vizuri, mwezi wa kumi na moja, atika kidogo tena kila baada ya wiki mbili: mstari mmoja wa chainizi, mmoja wa loshuu, ile mboga ya majani, usimwage pakiti nzima. Na mchicha usiung'oe. Ukifika urefu wa shubiri kata juu, acha vifundo viwili vitatu, utachipua pembeni na utauchuma hadi karibu na Krismasi.