Namna ya Kumfundisha Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii Kutetea Mabadiliko ya Sera

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii anayesoma Dodoma ni jirani wa Bunge, na ujirani huo huweza kumfanya aamini kwamba sera hubadilishwa Bungeni tu. Kwa hiyo, mkufunzi, anzia mbali na Bunge. Chukua jalada la mteja mmoja ambaye mwanafunzi amemhudumia wakati wa mafunzo kwa vitendo, ukiondoa jina na kijiji chake.

Tuseme ni bibi wa miaka zaidi ya 70 kutoka Chamwino, aliyefika zahanati magoti yamevimba, akaambiwa anunue dawa kwa kuwa hana kitambulisho cha msamaha wa matibabu. Darasa litapendekeza mchango, nao uchangwe, maana bibi anahitaji dawa leo. Kisha uliza: ni wazee wangapi watakwama hapohapo mwezi ujao, na ni uamuzi wa nani unaowakwamisha?

Swali hilo la pili lipewe wiki nzima. Wanafunzi wataisoma Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na watakuta kwamba suala la matibabu ya wazee wasio na uwezo limekwisha kuandikwa. Wakiendelea kuulizia, huenda wakabaini kwamba kilichokosekana ni fedha za kuwatambua wazee na kuwaandalia vitambulisho katika bajeti ya halmashauri. Ikiwa ni hivyo, wa kumwendea ni mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi, kabla ya mbunge.

Hapo wafundishe kalenda, kwani hoja nzuri iliyochelewa haina wa kuipokea. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, lakini halmashauri huwa zimekwisha kupitisha makisio yao miezi kadhaa kabla. Nimewahi kuliona kundi la wanafunzi waliojiandaa vizuri likipeleka barua yake mwezi Mei, likapokelewa kwa heshima na kuambiwa lisubiri mwaka ujao. Tangu hapo kazi hii naiweka mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ili andiko lifike kabla ya Desemba.

Andiko lenyewe lisizidi ukurasa mmoja. Mwanafunzi akiandika, “Serikali iwajali wazee,” mrudishie, kwa sababu hakuna ofisa anayeweza kulitekeleza ombi la namna hiyo. Akiandika, “Tunaomba halmashauri itenge, katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, fedha za kuwatambua wazee wasio na uwezo wa kata hii na kuwapa vitambulisho,” amemwambia msomaji nani afanye nini, na lini. Baada ya hapo afanye mazoezi ya kulieleza kwa dakika tano mbele yako, nawe ukae kama diwani na umuulize bila kumhurumia: fedha hizo zitoke kwenye kifungu gani?

Wazee wasiachwe nje ya jambo linalowahusu. Wanafunzi waende kwenye mkutano mkuu wa kijiji wakiwa na mtu anayesema Kigogo, na wazee wakubali kwanza hoja iwasilishwe vipi, na nani kati yao atazungumza.

Bunge lifuate baadaye, hasa muswada unapokuwa kwenye kamati na wadau wanaalikwa kutoa maoni. Waonyeshe pia njia ya mahakama kupitia shauri la Sheria ya Ndoa ya 1971: mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Katika kusahihisha, usitoe alama kwa kuangalia kama halmashauri imekubali. Pima kama mwanafunzi ametambua ngazi sahihi ya uamuzi na kufika kwa wakati, na kama alirudi Chamwino kumweleza yule bibi jibu lililotolewa, hata lilipokuwa la kukataa.