Wiki tatu kabla ya upasuaji wa saratani ya mapafu: mazoezi ya nyumbani

Mgonjwa akishapewa tarehe ya kukatwa sehemu ya pafu, nyumba nzima humwambia apumzike. Nia ni njema, ila ndipo mambo yanapoharibika. Misuli ya mtu anayeshinda kitandani hunyauka haraka, na misuli hiyo hiyo ndiyo atakayoitegemea siku ya pili baada ya upasuaji, atakapotakiwa asimame, atembee na akohoe. Mazoezi hayakuzi pafu wala hayapunguzi uvimbe. Huuzoesha moyo na misuli kuitumia vyema oksijeni iliyopo. Mapitio ya 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta kwamba waliofanya mazoezi mapema walipata matatizo ya mapafu baada ya upasuaji kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao.

Wiki mbili hadi nne ndio muda wa kawaida. Usiombe tarehe isogezwe kwa ajili ya mazoezi. Ukiwa na siku kumi, tumia hizo kumi.

Kwanza mtaalamu wa fiziotherapia akupime, kwa kawaida kwa kukutembeza dakika 6 kwenye ukumbi wa mita 30. Mwambie kama una maumivu mapya ya mgongo au mfupa. Saratani ikiwa imefika kwenye mfupa, kuinua uzito kunaweza kuuvunja.

Kutembea ndio msingi. Pima kwa namba: 0 ni ukiwa umekaa kitini, 10 ni huwezi tena. Lenga kati ya 4 na 6. Yaani ukipishana na jirani uweze kumwitikia salamu na kumuuliza hali ya nyumbani, lakini usiweze kumsimulia kisa kizima. Wengi hukosea hapa: hutembea nusu saa kwa mwendo wa kwenda dukani, pumzi haibadiliki, na faida ni ndogo.

Wiki ya kwanza anza na dakika 5 za polepole, kisha dakika 2 za haraka na 2 za polepole, mara nne, umalizie na 5 za polepole. Wiki ya pili ziwe mara sita, ya tatu mara nane. Siku tano kwa wiki. Ukitumia pampu ya kufungua kifua, ivute dakika 15 kabla, kama daktari alivyoelekeza.

Joto la Mombasa lisipuuzwe, hasa Februari na Machi. Toka baada ya sala ya alfajiri au jua likishapoa jioni. Njia ya Mama Ngina inafaa kwa kuwa ni tambarare, ina upepo wa bahari na pahali pa kukaa. Ufukweni subiri maji yatoke utembee kwenye mchanga mgumu. Mchanga mkavu hukuchosha miguu kabla pumzi haijafanya kazi.

Siku tatu kwa wiki, ongeza nguvu za miguu. Egemeza kiti ukutani (cha plastiki huteleza kwenye sakafu ya terazo, nacho kimeangusha wengi), kunja mikono kifuani, simama na ukae mara 8 hadi 12, raundi tatu. Teremka kwa kuhesabu hadi tatu, usijibwage. Kwa mikono, chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja, inatosha kuanzia. Toa pumzi unapoinua; ukiibana, presha hupanda.

Kifaa cha mipira mitatu, kile cha plastiki cha kuzoeza pumzi (spirometa), kina kosa lake: watu hukipuliza, kumbe huvutwa. Kaa wima, toa pumzi, weka mdomo, vuta polepole hadi mpira upande, ushikilie sekunde 3. Pumzi kumi, mara nne kwa siku. Vidole vikianza ganzi, umevuta haraka mno, pumzika. Jifunze pia kukohoa huku umekumbatia mto kifuani: vuta pumzi, kisha sema “ha!” mara mbili kwa nguvu, mdomo wazi, ndipo ukohoe.

Sigara na shisha ziachwe leo, si kesho. Muguka (aina ya miraa) nayo hupandisha mapigo ya moyo. Na wenye nyumba watuvumilie: udi na ubani vifukizwe chumba kingine.

Chakula ndicho hujenga misuli. Lenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili, isipokuwa daktari wa figo amekuwekea mpaka. Kwa mtu wa kilo 60, mayai mawili, kipande cha samaki cha gramu 150, kikombe cha kunde na glasi mbili za maziwa hufika yapata gramu 75. Chai na mahamri pekee havifiki.

Simama mara moja ukiumwa kifua, ukipata kizunguzungu, ukikohoa damu, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 88. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda.

Siku moja kabla ya kulazwa, tembea polepole tu dakika 15. Kile kifaa na mto vitiwe kwenye mkoba wa hospitali usiku huo. Vikisahaulika nyumbani, asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji ndipo vitakapotafutwa.